Kutoka Entebbe Hadi Moroto: Kuifuata Miti Iliyozaa Dawa za Moyo

Jumatatu, Entebbe

Bustani ya Mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898, na msimamizi wake wa kwanza, Alexander Whyte, alikuwa ametokea Nyasaland, Malawi ya leo. Utawala wa kikoloni ulitaka kujua ni mimea gani ya biashara ingestawi kando ya Ziwa Viktoria, ndiyo maana mpira, kakao na kahawa vilijaribiwa hapa. Leo wanakuja maharusi kupiga picha na watoto wa shule kuwatazama mbega. Mimi nimekuja kuagana na ziwa kabla ya kushika njia ya kaskazini mashariki.

Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Bombo. Miaka yangu mingi imepita dirishani nikihesabu vidonge, na wagonjwa wa moyo huniuliza swali lile lile: hii ni dawa ya hospitali au ya miti? Nikiwajibu kwamba ni vyote viwili, wanadhani nawabembeleza. Sasa nimepewa kazi ya kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kwa Kiswahili, na somo langu ni dawa za moyo. Sitaki kuwasomea orodha ya majina. Nataka wajue dawa hizi zilitoka wapi na nani alizijua kwanza, na kwa nini kidonge kimoja kinaokoa na viwili vinaua. Shemeji yangu ni dereva wa lori la mizigo ya Karamoja. Amekubali kunichukua kutoka Jinja hadi Moroto.

Nimelala katika nyumba ya wageni ya hajati mmoja ambaye ua wake wote umezungukwa na kichaka chenye maua ya manjano. Wengi Kampala na Entebbe wanakipanda kwa uzuri wake. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na wataalamu wanakiita Thevetia peruviana. Kila sehemu yake ina sumu ya moyo, mbegu zaidi ya zote. Huko Sri Lanka, tangu miaka ya 1980, maelfu ya watu wamefikishwa hospitali kwa kumeza mbegu zake. Nilipomweleza hajati alishika kifua. "Na wajukuu wangu wanazichezea hizi, mwanangu! Wanazifanya gololi." Jioni hiyo hiyo alimwita kijana wa shamba akate matawi yote yaliyokuwa na matunda upande wa watoto.

Usiku niliandika sehemu ya kwanza ya somo, na hii sikuweza kuianzia Uganda. Ilibidi nianzie Shropshire, Uingereza, kwa mwanamke asiyejulikana jina.

Mwaka 1775 daktari William Withering aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya kifamilia iliyokuwa siri ya mwanamke mzee wa huko. Ilikuwa inatibu watu waliojaa maji mwilini: miguu imevimba, tumbo limetuna, pumzi haitoshi. Ndani yake mlikuwa na mimea ishirini au zaidi. Withering alikuwa mjuzi wa mimea, akatambua kwamba inayofanya kazi ni mmoja tu, digitalisi, mmea wa maua marefu ya zambarau unaoota ovyo kando ya njia za nchi yake. Alitumia miaka 10 akiujaribu, mara nyingi kwa maskini aliowatibu bure mjini Birmingham, na mwaka 1785 akachapisha taarifa ya wagonjwa wake 163.

Mwanamke yule alikuwa tayari anaponya. Alichoongeza Withering ni mambo matatu. Aliamua kuchuma majani wakati mmea unachanua, kwa sababu aliona nguvu ya jani hubadilika kulingana na majira. Aliyakausha na kuyasaga ili aweze kuyapima. Kisha akaandika kila mgonjwa: waliopona, wasiopona, na wale aliowadhuru yeye mwenyewe kwa kuwapa dozi kubwa mno. Aliandika kwamba waliozidishiwa walitapika, mapigo yao yakapungua, na vitu machoni mwao vikageuka kijani na manjano. Dalili hizo ndizo tunazowafundisha wauguzi hadi leo. Jina la yule mwanamke halikuandikwa popote. Lile linalotajwa siku hizi lilibuniwa kwa tangazo la kampuni ya dawa katika karne ya 20, na linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu aliyestahili jina la kweli alipewa la kubuni.

Jumanne, Kampala

Soko la St. Balikuddembe, ambalo sote tunaliita Owino, lina safu za wauza dawa za miti. Kuna magome yaliyofungwa kwa migomba, mizizi, unga kwenye chupa za soda, na mumbwa, zile fimbo za udongo uliochanganywa na majani ya dawa ambazo wajawazito huzikwangua na kunywa na maji. Nilikaa kwa mama mmoja aliyewahi kuishi Busia, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kinamtoka bila shida.

Nilimuuliza ana nini cha moyo. Akanionyesha majani makavu ya parachichi kwa ajili ya presha, maua mekundu ya choya, na gome ambalo hakutaka kulitaja. Kuhusu choya nilimwambia ukweli ninaoujua: maua hayo yamefanyiwa majaribio kwa watu na yameonekana kuteremsha presha kwa kiasi, lakini hayatoshi kumfanya mtu aache vidonge vyake. Alifurahi kusikia kwamba kuna waliojali kupima.

"Unampa mtu kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kiganja kimoja, dada."

"Kiganja cha nani?"

Alinyamaza, akautazama mkono wake. "Cha mama yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko huu."

Sikuwa na nia ya kumbana. Ila kwa choya tofauti ya viganja viwili haina madhara makubwa, na kwa digitalisi tofauti hiyo ni kaburi. Alilielewa hilo haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kukaa nao. Aliniambia ana gome moja ambalo mama yake alilipima kwa kizibo cha chupa, kamwe si kwa kiganja. Kwa hiyo mama yake alikuwa anajua.

Mchana nilipita Wandegeya, ilipo taasisi ya serikali ya kuchunguza dawa za asili, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Wizara ya Afya. Watu wengi wanaipita kila siku bila kujua kazi yake. Tangu mwaka 2019 tuna pia sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Milango ipo. Mama wa Owino hakuwa na habari ya hata mmoja kati yake.

Halafu Mulago. Katika kilima hiki ndipo J.N.P. Davies, mtaalamu wa patholojia, alipoeleza katika miaka ya 1940 ugonjwa ambao madaktari wa Ulaya hawakuuzoea: utando wa ndani wa moyo unakuwa mnene na mgumu, moyo unashindwa kutanuka, na tumbo linajaa maji. Uliwakumba zaidi watoto na vijana maskini. Ninaposikia watu wakisema magonjwa ya moyo ni ya matajiri walioshiba, nawakumbuka wale watoto. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanza mwaka 1988, bado inawapokea wagonjwa wa aina hiyo, pamoja na wale ambao vali zao, milango midogo ya ndani ya moyo, zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, homa inayofuata maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa.

Kwenye benchi la nje nilikaa na mwanamke wa Mukono mwenye vali ya chuma kifuani. Ukinyamaza kando yake unaisikia ikigonga. Anameza warfarini kila jioni ili damu isigande kwenye chuma hicho, na alikuwa na wasiwasi: ameambiwa asile mboga za majani. "Sasa nakula nini, dada? Kwetu ni dodo na nakati." Nikamwambia kwamba hakuna haja ya kuziacha. Mboga hizo zina vitamini K inayopingana na warfarini, kwa hiyo jambo la muhimu ni kula kiasi kile kile wiki hadi wiki, na kupima damu kwa tarehe zilizopangwa. Akila nyingi ghafla damu itaganda, na akiziacha ghafla damu itakuwa nyepesi kupita kiasi.

Nilimsimulia dawa yake ilikotoka, na alisahau foleni. Miaka ya 1920, katika nyanda za Canada na kaskazini ya Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu isiyokoma. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba walikuwa wamekula majani ya malisho yaliyoota ukungu, aina ya klova yenye harufu tamu. Mwaka 1933 mkulima wa Wisconsin alisafiri kwenye theluji akiwa na kopo la damu iliyokataa kuganda, akaingia nalo katika maabara ya Karl Paul Link. Ilimchukua Link na wenzake miaka kadhaa kukipata kiini chenyewe. Kutokana na kiini hicho walitengeneza kemikali kadhaa, na moja, warfarini, iliuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Katika miaka ya 1950 ikaanza kutumiwa kwa binadamu, na Rais Eisenhower aliipewa baada ya kushikwa na moyo mwaka 1955.

"Sumu ya panya," alirudia taratibu. Niliogopa nimemtisha. Kisha akasema, "Basi aliyeipima alifanya kazi."

Hapo niliongeza jambo lisilohusu miti, kwa sababu lilifanyika nchini mwetu na watu hawalijui. Dawa inayoweza kuzuia vali za watoto zisifikie hali ya kuhitaji chuma ni penisilini, na hiyo inatokana na kuvu. Huko Gulu watoto 818 wenye dalili za mapema kabisa za ugonjwa huu waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka 2. Katika kundi lililodungwa, ugonjwa uliongezeka kwa watoto 3. Katika kundi la pili, watoto 33. Daktari Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda alikuwa miongoni mwa viongozi wa utafiti huo.

Jumatano, Mabira na Jinja

Msitu wa Mabira uko pande zote mbili za barabara ya Jinja, na nilishuka kwenye taksi kuingia kwa miguu na muongozaji. Nilimwomba anionyeshe kirundu. Ni mti mkubwa ulionyooka, gome lake la kijivu, na tangu zamani Waganda wametengeneza nguo ya gome kutokana nao ingawa mutuba ndio mashuhuri zaidi. Jina lake la kisayansi ni Antiaris toxicaria. Huko Asia ya kusini mashariki utomvu wa mti wa jamii hii ulipakwa kwenye mishale, na ndani yake mna kemikali za ukoo ule ule wa digitalisi. Hapa kwetu watu wamevaa gome lake vizazi hata vizazi.

Muongozaji alijua pia mti mdogo wa Rauvolfia vomitoria, majani yake yakiwa yamezunguka tawi kwa mafungu. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, alitumiwa huko kwa karne nyingi kutuliza wenye wazimu. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la Kiingereza la moyo matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa presha kwa mzizi wake. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakapata kiini chake, reserpini. Mahitaji yalipokuwa makubwa, magome ya mizizi ya huyu wa Afrika yakachimbwa na kusafirishwa kwa wingi, hasa kutoka Kongo. Leo reserpini imebaki kwa nadra, kwa sababu iliwaletea baadhi ya watu huzuni nzito na dawa bora zaidi zikapatikana. Mti huo huo wa India ulitoa ajmalini, iliyopatikana mwaka 1931 na Salimuzzaman Siddiqui, na madaktari wa mapigo ya moyo bado wanaitumia kufichua kasoro fulani ya umeme wa moyo.

Jinja nilifika wakati wa magharibi. Shemeji alikuwa amekwisha kupakia.

Alhamisi, Mbale

Njia ndefu, mvua Iganga, foleni ya malori Bugiri. Chakula cha mchana kilikuwa posho na maharage kwenye steji ya malori ya Tororo.

Mbale nilimtembelea muuguzi tuliyesoma naye. Ana zahanati yake karibu na soko. Alinisimulia mzee aliyeletwa kwake mwezi uliopita akitapika, mapigo 38 kwa dakika, akisema taa zina duara la manjano. Alikuwa ametoka kuchukua digoksini, kidonge cha moyo kinachotokana na jamii ya digitalisi, mahali fulani, na kwenye bahasha pameandikwa jina la dawa tu. Hakuna aliyeandika ameze vipi. Mzee akaona vidonge ni vidogo mno, akawa anameza viwili asubuhi na viwili jioni. Kidonge cha kawaida kina miligramu 0.25. Alikuwa anameza pia dawa ya kukojoza, inayopunguza potasiamu mwilini, na figo zake zilikuwa za mtu wa miaka sabini na kitu. Mambo hayo mawili huiongezea digoksini makali. Walimkimbiza hospitali, akapona.

Nimewahi kukasirishwa na mengi katika kazi hii, lakini bahasha tupu inanikasirisha kuliko yote. Miaka 10 ya Withering imo katika mstari mmoja wa maandishi: kimoja, mara moja kwa siku. Ukiuacha mstari huo umemrudisha mgonjwa porini na jani mkononi.

Usiku rafiki yangu aliniuliza swali ambalo wahudumu wangu wataniuliza pia: digoksini inafanya nini hasa ndani ya moyo? Nilimchorea. Kila chembe hai ya mwili ina pampu ndogo ukutani, inatoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Digoksini inaishika pampu hiyo na kuipunguza kasi. Sodiamu inabaki ndani, na ikibaki, kalsiamu nayo inashindwa kutoka vizuri. Msuli wa moyo unahitaji kalsiamu ili ujikaze, kwa hiyo kalsiamu ikiongezeka kidogo, pigo linakuwa na nguvu. Ikiongezeka mno, umeme wa moyo unavurugika na moyo unaruka ovyo. Kinachotibu na kinachoua ni kitendo kimoja.

Pampu hiyo iligunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark, aliyekuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa wa pwani. Taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1957. Alipotaka kuhakikisha kwamba alichokipata ndicho pampu yenyewe, alitumia kemikali iitwayo ouabaini, na mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel. Ouabaini ndiyo sumu ya mishale ya Afrika Mashariki. Kesho, Mungu akipenda, nitauona mti wake.

Ijumaa, njia ya Nakapiripirit

Aliyeuona kwanza ni tanboi wa shemeji, kijana Mkamba kutoka Kitui. Tulikuwa tumeuacha Mlima Elgon nyuma na mbele yetu Kadam umejitokeza, ardhi imekauka, miiba kila upande. Akagonga kabini kwa kiganja. "Mama, ule pale! Msunguti!"

Shemeji aliegesha. Mti wenyewe hauna makuu: umri mkubwa, kimo kifupi, majani magumu yanayong'aa, na matunda machache yanayoanza kugeuka zambarau. Acokanthera schimperi. Tanboi alisema watoto kwao hula yale yaliyoiva kabisa kabisa, na hugombezwa wakigusa mabichi. Mimi sikugusa chochote.

Babu yake alikuwa mpishi wa sumu. Nilikaa kivulini mwa lori nikamwandika neno kwa neno. Mbao na mizizi hukatwakatwa, huchemshwa saa nyingi, maji huchujwa na kuchemshwa tena mpaka yabaki mazito na meusi. Hupakwa kwenye mshale nyuma ya ncha, kisha huviringishiwa ngozi laini isikauke wala isipigwe na jua. Kabla ya kuitumia huijaribu: mtu hujichanja kidogo, huiacha damu itiririke chini, na kugusisha sumu kwenye mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha. Damu hubadilika rangi na mabadiliko hupanda. Kwa mwendo wa kupanda huko wanajua nguvu ya sumu, na lazima wafute kabla haijafika kwenye chanjo.

Nilimwomba arudie. Hicho ni kipimo. Mzee asiyesoma, Kitui, alikuwa na njia ya kupima ukali wa kila chungu alichopika, kwa sababu alijua miti hailingani.

"Na nyama mnakula?" shemeji akauliza.

"Tunakata pale mshale ulipoingia, tunatupa. Iliyobaki inaliwa."

Sayansi inakubaliana naye. Ouabaini hupita kwa shida sana kwenye utumbo, ikimezwa kidogo inaingia mwilini kwa uchache. Ndiyo maana haikuwahi kuwa kidonge kizuri, na madaktari waliotaka kuitumia waliidunga mshipani. Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga mwaka 1888 kutokana na mti wa jamii ya huu kutoka nchi ya Wasomali.

Kuna mnyama pia anayeujua mti huu, panya mkubwa mwenye nywele za mgongoni anayezisimamisha akikasirishwa. Hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate hayo ubavuni, kwenye nywele za pekee zinazonyonya sumu. Mbwa akimng'ata, huzimia au hufa. Jambo hilo lilielezwa kitaalamu mwaka 2011 na Jonathan Kingdon na wenzake. Kingdon alizaliwa Tabora na alifundisha sanaa Makerere kwa miaka mingi. Tanboi alisikiliza, akasema kwao mbwa wa uwindaji hufundishwa kumwacha panya huyo.

Jirani wa msunguti katika historia hii ni kombe, mtambaa wa kusini zaidi, Strophanthus kombe. Daktari John Kirk alikuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, ulioanza 1858. Wawindaji wa huko walikuwa wanapaka sumu ya kombe kwenye mishale. Kirk aliweka sampuli mfukoni pamoja na mswaki wake, na alipopiga mswaki akasikia uchungu mdomoni na mapigo yake yakashuka. Aliipeleka Uingereza. Huko Edinburgh, Thomas Fraser alifanya kazi miaka na miaka mpaka akapata kiini, strofanthini, na mwaka 1885 akawasilisha kwa madaktari wenzake dawa ya moyo iliyotokana nayo. Mwaka 1906 Mjerumani Albert Fraenkel akatangaza matokeo ya kuidunga mshipani. Kirk huyo huyo ndiye aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, na mwaka 1873 alimsukuma Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa.

Fraser na Kirk wana majina. Waliopika kombe hawana. Lakini bila wao Kirk asingekuwa na kitu cha kuweka mfukoni.

Tuliingia Moroto usiku.

Jumamosi, Moroto

Mwenyeji wetu alinipeleka kwa mzee mmoja anayesifika kwa dawa za kuvimba mwili. Anaishi chini ya mlima. Kiswahili alikipata jeshini na kinatoka kwa amri amri hata anapokukaribisha maji. Tulikaa chini ya mti wake, mjukuu wake wa kike wa sekondari akiwa pembeni.

Nilimweleza kazi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mnakuja, mnaandika, mnakwenda. Jina langu linakwenda wapi?"

Nilimsimulia mwanamke wa Shropshire. Nilimsimulia wapishi wa kombe. Sikumwahidi kitu. Nilimwambia kwamba mti wake sijaja kuuchukua na sitauliza ni upi, ila nataka kujua anavyowapima watu.

Akazungumza muda mrefu. Hutazama shingo ya mgonjwa akiwa amekaa, kama mshipa umetuna. Hubonyeza mguu na kuangalia shimo linakaa muda gani. Humuuliza analala na mito mingapi, kwa maana asiyeweza kulala chali ana maji kifuani. Madaktari wangu wa Mulago wangemkubalia yote matatu. Dawa hutoa kidogo siku ya kwanza, husubiri mkojo, kisha huongeza. Mgonjwa akitapika, anasimamisha. Withering alianza kwa dozi kubwa akajifunza kupunguza. Mzee huyu anaanza chini na kupanda, na hivyo ndivyo tungefanya sisi.

Nilipomuuliza ni wangapi wamepona, alisema wengi. Nilipomuuliza wangapi wamekufa, alitazama mlima. Mjukuu ndiye aliyesema: "Babu, yule wa mwaka jana, na mama wa Rupa." Akakubali kwa kichwa.

Tukapatana hivi. Mjukuu atakuwa na daftari, na daftari litakuwa la mzee, jina lake kwenye jalada, hakuna wa kuliondoa nyumbani kwake. Kila mgonjwa ataandikwa: tarehe, dalili, dawa kiasi gani kwa gramu, amekojoa au la, ametapika au la, mwisho wake. Mwenye kuvimba miguu pamoja na pumzi kukata hatangoja dawa, atapelekwa hospitali ya rufaa ya Moroto siku hiyo hiyo. Na mtu yeyote anayemeza digoksini au warfarini hatapewa kitu kingine juu yake, hata akiomba. Hili la mwisho alilipinga, tukabishana, na alilikubali nilipomweleza ile pampu na jinsi dawa mbili zinavyoweza kuishika kwa pamoja.

Mjukuu akauliza kama waliofariki nao waandikwe.

"Hao kwanza," babu akamjibu kabla yangu.

Jumapili, kurudi

Mizani ya duka haisomi chini ya gramu tano, na kwa kazi hii haitoshi. Nimempigia rafiki yangu wa Mbale. Anayo moja ya maabara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, haitumii tena, na ataikabidhi kwa shemeji akipita Alhamisi na mzigo ujao. Nimemwachia mjukuu namba yangu ya simu na maelezo ya kuipanga mizani juu ya meza tambarare. Safari hii tanboi ameketi mbele nami, na tangu Nakapiripirit ananisimulia majina ya miti ambayo babu yake hakuwahi kuipika, na kwa nini.